Vaiza za Mwenyewe

Vaiza ni kitu kidogo tu. Ni vile vipande vya plastiki nyeusi vinavyobandikwa juu ya madirisha ya gari kwa nje, ili mvua ikinyesha uweze kuteremsha kioo kidogo bila kulowa. Gari lenye vaiza huonekana kama limepakwa wanja. Naanza na maelezo haya kwa sababu nikisema kwamba kitu kilichoniumiza zaidi mwaka huu kilianza na vaiza, watu hucheka, na mimi mtu akicheka huwa sirudii.

Sisi tunakaa Dundori, upande wa juu, karibu na msitu, ambako mvua ikianza haiulizi mtu. Baba alikuwa na gari jeupe, lile la nyuma refu la kubebea mizigo, na kila asubuhi tulishuka nalo hadi Nakuru. Nyuma kulikuwa na mitungi ya maziwa yetu na ya majirani, mbele mimi na yeye. Aliniacha kwenye geti la shule, halafu akaendelea na maziwa yake hotelini. Msimu wa mvua tulifunga vioo vyote, na kwa sababu kifaa cha kupuliza hewa kilikufa zamani, pumzi zetu na joto la maziwa viliweka ukungu kwenye kioo cha mbele mpaka barabara ikapotea. Kazi yangu ilikuwa kufuta. Nilikuwa na kitambaa changu, kilichokatwa kutoka kwa fulana yake ya zamani, nikikiweka kwenye mfuko wa mlango. Nilifuta upande wake kwanza, halafu wangu, halafu wake tena.

"Tungekuwa na vaiza," nilimwambia, "tungefungua dirisha kidogo hewa iingie, na ukungu uishe."

"Kazi yako ni kufuta," alinijibu, "sasa wewe mwenyewe unaomba ufutwe kazi?"

Alikuwa na utani wa hivyo. Nilicheka kila mara, hata nilipokuwa nimeshausikia.

Inabidi niseme jambo lingine, ingawa silipendi. Mimi si mtu wa kuongea. Maneno ninayo, lakini mtu akiniangalia usoni yanakwama, na kadiri anavyongoja ndivyo yanavyozidi kukwama. Ndani ya gari hakuna anayekuangalia. Dereva anaangalia barabara, wewe unaangalia barabara, na maneno yanatoka tu, kama ni ya mtu mwingine. Kutoka kwetu hadi Lanet, kabla ya kuingia mjini, nilikuwa nimeshamweleza Baba mambo yote: mwalimu aliyenionea, msichana aliyeazima kalamu yangu asiirudishe, ndoto zangu. Mama alikuwa akisema, "Huyo mtoto nyumbani ni kama ukuta, na kwa gari ni redio."

Nilipoingia Form One nililala bweni. Ilikuwa nusu muhula tu. Kwenye chumba chetu kila jioni msichana mmoja aliongoza sala kwa sauti, kwa zamu. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikafumba macho, na hakuna kitu kilichotoka. Nilisikia wakingoja. Halafu mmoja akasema kwa ile sauti ya simu, "Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa," na chumba chote kikaanguka kwa kicheko. Tangu siku hiyo jina langu likawa Mteja. Mteja pita. Mteja, leta ndoo. Zamu yangu ikifika tena hawakungoja hata nisimame, walisoma ule ujumbe wa simu wote pamoja, wakamalizia na amina.

Nilimwambia Baba wakati wa midterm, ile likizo fupi ya katikati ya muhula, tukiwa njiani kupanda nyumbani. Sikulia. Nilieleza tu, nikiangalia barabara. Alisimamisha gari kando, mahali wanapouza kabeji, akazima injini. Akasema, "Mami, hutarudi kulala huko. Bora gari iko, utakuwa ukitoka nyumbani." Ananiita Mami kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

Bora gari iko. Niliyashika maneno hayo vile mtu anavyoshika kitambulisho. Kutoka kwetu hadi kwenye lami ni mwendo mrefu wa matope na miti, na saa ambazo mwanafunzi wa kutwa anatakiwa kutoka bado ni giza. Mama hangekubali nitembee hapo peke yangu, na Baba pia. Kwa hivyo ilikuwa wazi. Gari likiwepo, nalala nyumbani. Gari likienda, narudi bweni.

Sasa utaelewa kwa nini nilishtuka Baba alipoanza kuongea mambo ya lori. Ilikuwa likizo ya Aprili. Rafiki yake mmoja alikuwa anakuja, wanasimama kando ya zizi la ng'ombe, wanaongea viazi, Nairobi, lori. Nikipita na ndoo wananyamaza, au wanaanza kusifu ng'ombe. Nilimuuliza Mama, "Baba anataka kununua lori?" Mama alikuwa anamenya viazi, hakuinua kichwa. "Hiyo ongea na baba yako."

Sikuongea naye. Niliogopa jibu. Nilikaa na swali hilo tumboni mpaka Jumamosi moja asubuhi aliposimama mlangoni, funguo mkononi.

"Mami, vaa viatu. Tunaenda kuwekea gari vaiza."

Sijui kama naweza kueleza furaha yangu. Nilikuwa nimeziomba tangu nikiwa Form One, lakini si hilo tu. Niliwaza hivi: nani anampamba ng'ombe anayempeleka sokoni? Mtu akitaka kuachana na gari hawezi kuliwekea kitu kipya. Niliona amenijibu lile swali bila mimi kuliuliza. Nilivaa viatu bila soksi.

Fundi alikuwa na kibanda chake kando ya barabara ya kuingia mjini, nyuma ya magurudumu yaliyopangwa kama minara. Alikuwa kijana mrefu wa kofia, na alitupokea kama watu aliokuwa akiwangoja.

"Boss! Karibu. Ni zile tuliongea?"

"Ni hizo."

"Kuna hizi za moshi unaweza kuona ndani, na kuna hizi nyeusi ti. Tuweke gani?"

"Nyeusi," Baba alisema. "Mwenyewe anataka nyeusi."

Nilitabasamu nikiangalia viatu vyangu. Hapa lazima nieleze. Kwetu, mwenye gari huitwa mwenyewe wa gari, na tangu nikiwa mdogo mwenyewe wa gari alikuwa mimi. Jirani akiomba kubebwa hadi mjini, Baba alikuwa akimwonyesha mimi kwa kidole na kusema, "Muulize mwenyewe." Wazee wazima waliniomba lifti nikiwa na miaka ya kunyonya pipi. Kwa hivyo aliposema mwenyewe anataka nyeusi, nilijua ni mimi. Ni kweli sikuwa nimemwambia rangi. Lakini angeniuliza ningesema nyeusi, na nilifikiri, ona vile ananijua.

"Na huyu ni binti yako?" fundi aliuliza. "Sasa, siz?"

"Poa."

"Ameongea, ama ni upepo umepita?"

"Huyu anaongea," Baba alisema, "lakini mpaka gari iwe inatembea."

"Basi tuwashe injini tupate stori!"

Walicheka, na mimi nikacheka pia, kidogo. Nilikuwa na furaha ya kutosha kuchekwa.

Kazi yenyewe ilinivutia. Fundi alizitandaza zile plastiki kwenye boneti ya gari ili jua lizipashe moto, kwa sababu asubuhi za kwetu ni baridi na gundi baridi haishiki. Kisha akaanza kusafisha sehemu ya juu ya kila mlango, kwanza kwa maji ya sabuni, halafu kwa spiriti. Kitambaa kilitoka cheusi. Alirudia mpaka kikatoka cheupe. "Hapa ndiyo watu hukosea," alisema. "Anabandika juu ya mafuta ya mkono. Wiki moja, vaiza iko kwa mtaro."

Upande wa ndani wa kila vaiza kulikuwa na utepe wa gundi uliofunikwa na karatasi nyekundu. Hakuvuta karatasi yote. Alivuta ncha mbili tu, akazikunjia nje kama masikio, akaiweka vaiza mahali pake, akasogea nyuma kuangalia, akasogeza kidogo, akaangalia tena. Akiridhika, alishika sikio moja la karatasi na kulivuta polepole huku mkono mwingine ukikandamiza. Karatasi ilitoka na sauti ndogo kama ya mtu anayenong'ona. Mwisho alipita na kidole gumba mwanzo hadi mwisho.

Alipofika mlango wa nyuma kushoto alinitazama. "Siz, kuja ujaribu. Una mkono mdogo, utaingia vizuri hapa kwa mpira wa dirisha."

Nilimwangalia Baba. Baba alisema, "Enda. Si ni yako."

Hayo maneno pia nayakumbuka. Si ni yako.

"Vuta pole," fundi alisema. "Pole. Usivute kama unafungua peremende. Kandamiza na hiyo ingine. Hesabu kwa roho. Ehe. Umeona? Kesho ukikosa mume, njoo nikuandike kazi."

"Aende shule kwanza," Baba alisema, na fundi akasema, "Si nimesema kesho, mzee, sijasema leo."

Nilipita na kidole gumba mpaka kikauma. Ncha ya nyuma ilikuwa imeinama kidogo sana, kiasi cha unene wa kucha. Niliiona. Fundi pia aliiona, akasema imekaa.

Kisha akatoa maagizo, huku akikunja kitambaa chake.

"Boss, mwambie mwenyewe asifungue madirisha mpaka kesho. Kioo kikipanda na kushuka leo kitasukuma gundi. Na asioshe gari hizi siku mbili."

"Sitafungua!" nikasema.

Nilisema kwa sauti. Mimi, mbele ya mtu nisiyemjua, bila kuulizwa. Hata mimi nilishtuka. Na pale kibandani pakawa kimya. Fundi alimwangalia Baba. Baba alichuchumaa ghafla akaanza kutoa kijiwe kwenye gurudumu la mbele, kijiwe ambacho naamini hakikuwepo. Fundi akasema, "Haya basi," kwa sauti ya chini, akaenda kunawa mikono.

Nilidhani wamenyamaza kwa sababu nimeongea. Nilijisikia fahari. Njia nzima nilikuwa nawaza, umewaona, walibaki hawana la kusema.

Tulirudi vioo vimefungwa kabisa, jua limewaka, harufu ya spiriti na maziwa ikitupanda kichwani. Baba alisimama njiani akaninunulia smoki mbili, zile soseji za kando ya barabara, na kachumbari, na sikuwa nimeomba. Nilikula nikiongea. Nilimwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu: kwamba muhula unaokuja nilitaka kujaribu kusoma shairi moja fupi mbele ya wenzangu, kwenye tamasha la shule, na kwamba nilikuwa nalifanyia mazoezi chooni kwa sababu huko hakuna anayeniangalia. Nilimsomea lote. Kutoka Lanet kwenda juu, nilisoma mwanzo hadi mwisho bila kukwama hata mahali pamoja.

"Mzuri," alisema. "Mzuri sana, Mami."

Mara mbili alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuanza jambo. Nilingoja. Mara ya kwanza alisema barabara imeharibika. Mara ya pili alisema mvua itakuja jioni. Nilifikiri amechoka.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Tulitoka kanisani, na Mama hakubadilisha nguo zake za kanisa, akaingia jikoni hivyo hivyo na kuanza chapati. Alitoa vile vikombe vyenye maua, vya wageni. Nilimuuliza nani anakuja, akasema, "Kuna mgeni wa baba yako." Nikasikia kishindo cha pikipiki uani, halafu sauti ya mwanamume ikicheka.

Mama alichungulia dirishani, akapangusa mikono. "Haya, mwenyewe wa gari amefika. Peleka chai."

Nilicheka. "Mwenyewe si niko hapa?"

Mama aligeuka. Hakucheka. Aliniangalia, akaangalia mlango, akaniangalia tena, na uso wake ukabadilika polepole, kuanzia mdomoni.

"Baba yako hakukuambia jana?"

"Aliniambia nini?"

"Si mlienda na yeye mjini? Si alikubeba ndiyo akuambie?"

Chapati ilikuwa inaungua. Niliigeuza. Nakumbuka niliigeuza vizuri, nikaitoa, nikaiweka kwenye sahani na zingine. Mama akasema jina la Mungu, akasema, "Huyo mwanamume," akashika kiuno. Sikuhitaji aendelee. Fundi, zile nyeusi, kijiwe kwenye gurudumu. Vyote vilijipanga vyenyewe. Mwenyewe alikuwa mtu mwingine tangu mwanzo, na fundi alijua, na Baba alijua, na Mama alijua. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama katikati yao nikiapa kwamba sitafungua dirisha.

Nilipeleka chai. Watu wanafikiri mtu akiumia sana anatupa vitu chini. Mimi nilibeba trei mpaka uani na sikumwaga hata tone.

Alikuwa mzee wa Gilgil, mwenye jaketi zito na sigara, mtu wa maneno mengi. Alikuwa anazunguka gari akilipapasa.

"Ndiyo hizi sasa!" alimwambia Baba, akigonga vaiza kwa kucha. "Mimi bila hizi siwezi. Mvua ikinyesha navutia wapi sigara? Nilikwambia nyeusi, na wewe ukaweka nyeusi. Mtu wa maneno yake!"

"Tulikubaliana hivyo," Baba alisema. Alikuwa ameniona. Alichukua kikombe bila kuniangalia.

Mzee alifika mlango wa nyuma kushoto. Aliinama, akafunga jicho moja kama seremala. "Hii imeinama hapa nyuma. Umeona?"

"Ah, hiyo," Baba alisema. "Fundi alikuwa na kijana wake anajifunza kazi."

Nilikuwa nimesimama hapo na trei. Ningeweza kumgusa.

"Hawa vijana," mzee akasema, akanigeukia. "Na wewe, kasichana, mbona umenuna? Gari ikienda utakuja Gilgil kuisalimia?" Akacheka peke yake. Kisha akafungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akatafuta cha kukipangusia. Aliangalia huku na huku. Baba akaenda kwenye mlango wa upande wangu, akaingiza mkono mfukoni mwa mlango bila hata kutafuta, akatoa kitambaa changu, akampa.

Sidhani alifikiria. Nimejaribu kumtetea, na naamini hakufikiria. Ulikuwa mkono tu. Lakini nimeshalala na kuamka na hilo, na ndilo linalouma kuliko gari lenyewe. Mzee alipangusa kijiti, kitambaa kikawa na mstari mweusi wa oili, akakitupa juu ya injini. Walipokuwa wanafunga boneti nilikichukua. Hakuna aliyeniuliza.

Gari liliondoka kabla ya mvua. Mzee aliendesha mwenyewe, na yule wa pikipiki aliyemleta akimfuata nyuma. Aliteremsha kioo kidogo kwenye mlango wa mbele, moshi ukatoka chini ya vaiza, akapiga honi akapotea kwenye kona ya msitu.

Mama alimngojea Baba sebuleni, hakuondoa hata vikombe.

"Ulisema utamwambia njiani."

"Nilikuwa nimwambie."

"Lini? Njia ya kwenda au ya kurudi?"

"Alikuwa amefurahi," Baba alisema. "Wewe hukumwona. Alikuwa amefurahi sana. Alinisomea shairi."

"Kwa hivyo ukamnyamazia."

Baba alikaa kwenye kiti, akaanza kunieleza mimi, lakini akiangalia meza. Kwamba maziwa siku hizi yanachukuliwa na gari la chama cha ushirika hadi mlangoni, hawahitaji tena kushuka nayo. Kwamba viazi ndiyo kazi, na yeye na rafiki yake wamenunua lori pamoja, watakuwa wanasafiri, si kila siku atalala nyumbani. Kwamba shule imesema kitanda kipo. Kwamba sasa niko Form Three, nimekuwa mkubwa, wale wasichana wa zamani wamesahau. Yote yalikuwa maneno ya maana. Nilikuwa nikiyasikia na nikikubali kichwani moja baada ya lingine. Ndiyo maana yaliuma. Hakukuwa na hata moja ambalo halingeweza kusemwa ndani ya gari, barabara ikiwa mbele yetu.

"Uko sawa, Mami?"

Niliondoa vikombe.

Siku ya kufungua shule alinipeleka kwa lori. Nilikaa katikati, rafiki yake akiwa mlangoni, na viazi nyuma vikinguruma kila tuliporuka shimo. Rafiki yake alikuwa mtu wa mdomo, alisimulia njia nzima habari za Nairobi, soko, na polisi wa barabarani. Baba alikuwa anaitika. Mimi niliangalia barabara. Kioo cha lori ni kikubwa, hewa inapita, hakuna ukungu.

Walisimama ng'ambo ya barabara, na Baba akanisaidia kubeba sanduku na godoro mpaka getini. Askari wa shule alisema wazazi wanaishia hapo. Wasichana walikuwa wakiingia na mabeseni na mablanketi, wakikumbatiana na kupiga kelele. Baba aliweka sanduku chini, akalinyoosha liwe sambamba na ukuta, kitu ambacho hakikuwa na haja yoyote.

"Mami. Nilikosea. Ningekuambia." Alikuwa ananiangalia usoni, na mimi, kwa mara ya kwanza na yeye, maneno yalikwama vile yanavyokwama kwa watu wengine wote. "Nikuambie ukweli? Nilifungua mdomo nikashindwa. Ulikuwa umefurahi sana."

Niliweka macho kwenye kufuli la sanduku, na hapo yakatoka.

"Nilifurahi kwa sababu hukuniambia."

Ng'ambo ya barabara rafiki yake alipiga honi, akapiga tena. Askari akasema, "Mzee, toa lori hapo, kuna gari zingine." Baba alitingisha kichwa kuonyesha amesikia, lakini hakwenda.

"Nitakuja siku ya kutembelewa," alisema. "Nitapanga na safari, nije."

Nilifikiria vile tungekaa kwenye nyasi za uwanja wa shule, mimi na yeye, uso kwa uso, na chapati kwenye kibeseni. Nilifikiria angeniuliza habari za shairi.

"Aje Mama," nikasema.

"Tuje wote?"

"Mama."

Alisema sawa. Alisema mara mbili, sawa, sawa, akajipapasa mifuko kama anayetafuta funguo, na alipovuka barabara hakuangalia upande wowote, mpaka pikipiki moja ikampigia honi. Nilishika sanduku kwa mkono mmoja na godoro kwa mwingine. Havikubebeka pamoja. Nilipeleka godoro kwanza, nikaliacha kwenye ngazi za bweni, nikarudi kuchukua sanduku, na nilipofika getini lori lilikuwa limeshaondoka.